Mwanasheria ndani ya Jeshi la Polisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wanafunzi wa sheria, kwa askari waliojiendeleza kimasomo, na kwa yeyote anayejiuliza mshauri wa sheria wa polisi anafanya nini hasa. Yanahusu Tanzania Bara zaidi. Zanzibar na Kenya zina maswali yao kule chini. Kama una kesi, mtafute wakili wako.

Mshauri wa sheria wa polisi ndiye anayeendesha kesi mahakamani?

Hapana, ingawa kuchanganya kuna sababu yake. Kwa miaka mingi kesi za mahakama za chini ziliendeshwa na askari, na watu wengi bado wanamkumbuka yule mkaguzi aliyesimama mbele ya hakimu na jalada kwapani. Sheria ya mashtaka ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanza kuiondoa kazi hiyo polisi na kuikabidhi kwa mawakili wa serikali walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, hatua kwa hatua, wilaya baada ya wilaya. Mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikatenganishwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakati huohuo ikaundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo inayoitetea serikali inaposhtakiwa kwenye madai.

Kwa hiyo mpelelezi anakusanya ushahidi, DPP anaamua kama kuna kesi, na Wakili Mkuu anasimama mahakamani polisi wanapodaiwa fidia. Mshauri wa sheria yumo ndani ya jeshi lenyewe, kabla ya hao wote hawajafikiwa. Kazi yake ni kumwambia kamanda sheria inasemaje kabla jambo halijafanyika. Likishafanyika, anaandaa maelezo ya nini kilitokea.

Kwa siku ya kawaida anafanya nini?

Anasoma na kuandika. Anapitia mikataba ya ununuzi, ya ujenzi wa vituo, ya ulinzi kwenye migodi na mabenki. Anajibu notisi za madai. Anaangalia kama mashtaka ya nidhamu dhidi ya askari yameandikwa sawasawa, kwa sababu askari anayefukuzwa kazi bila kusikilizwa anarudishwa kazini na mahakama, tena na malimbikizo ya mishahara yake. Anatoa maoni kuhusu miswada ya sheria na kanuni. Anawafundisha askari pale sheria inapobadilika, na inabadilika kila mara. Kisha kuna simu, ambazo hazina ratiba.

Mteja wake ni nani: IGP (mkuu wa Jeshi la Polisi), askari au mwananchi?

Mteja wake ni taasisi. Jibu hilo ni fupi kulisema na gumu kuliishi.

Chukua askari aliyempiga mtuhumiwa akiwa mahabusu. Anakuja ofisini kwako, anafunga mlango, anasema, "Afande, nisaidie, mimi nina watoto." Ukikaa ukamsikiliza kama wakili wake, kesho utatakiwa kumwandikia kamanda maoni kuhusu yuleyule, na utakuwa umeshika siri ya upande mmoja huku ukiushauri upande mwingine. Jambo la kumwambia, kabla hajafungua mdomo, ni kwamba wewe si wakili wake, kwamba atakalokueleza linaweza kuishia kwenye ripoti, na kwamba ana haki ya kutafuta wakili wake binafsi. Ataona umemtupa. Usipomwambia, utakuwa umemdanganya.

Kamanda naye si mteja. Anaweza kuwa mkubwa wako kwa cheo, lakini ushauri unaompa ni mali ya jeshi. Akitaka barua ya kuhalalisha alilokwisha kulifanya, anachokuomba ni kifuniko.

Mwananchi je? Naye si mteja wako. Msaada wa kisheria una utaratibu wake chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hata hivyo hakuna anayefaidika na kazi yako kuliko mwananchi, kwa kuwa ukifanya kazi vizuri hatapekuliwa kienyeji wala kulazwa mahabusu pasipo sababu.

Nipe mfano wa simu ya usiku.

Mfano huu nimeutunga, ila kila aliyekaa kwenye kiti hicho ataufahamu.

OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, anapiga saa tatu na nusu usiku. "Afande, samahani kwa usumbufu. Tuna mtuhumiwa wa unyang'anyi, amekamatwa kijijini 1500hrs, akafika kituoni 1645hrs. Mpelelezi alikuwa kwenye tukio jingine, ndiyo kwanza anarudi. Amwandike maelezo ya onyo?" Hayo ni maelezo anayoandikwa mtuhumiwa baada ya kuonywa kuwa halazimiki kusema.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa mpelelezi muda wa saa nne kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi. Vivyo hivyo muda wa kumsubiri wakili au ndugu yake. Muda huo unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi nane na afisa anayesimamia upelelezi, mtuhumiwa akijulishwa. Zaidi ya hapo anaombwa hakimu. Hesabu basi: ukiondoa safari, saa nne zilianza 1645hrs, zikaisha 2045hrs. Sasa ni 2130hrs na hakuna aliyeongeza muda.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Mtu atasema, "Si tuandike tu tumeanza 2000hrs?" Jibu ni hapana, na si kwa uadilifu peke yake. Kitabu cha mahabusu kina saa aliyoingia. Gari lina kitabu cha safari. Mpelelezi huyohuyo ana maelezo aliyochukua kwenye tukio jingine yenye saa yake. Wakili wa utetezi ataviweka vyote mezani pamoja, na kuanzia hapo hata ushahidi uliokuwa safi utanuka. Katika rufaa ya Janta Joseph Komba na wenzake watatu, Na. 95 ya 2006, Mahakama ya Rufani iliyakataa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda. Ni kweli sheria inampa jaji nafasi ya kupima kama ushahidi uliopatikana kwa kukiuka taratibu upokelewe au la, lakini anayeendesha upelelezi kwa kutegemea huruma hiyo anacheza kamari.

Mshauri mzuri haishii kwenye hapana. Anauliza: huyu mtu anataka kusema? Kama anataka, kwa hiari yake, mpelekeni asubuhi kwa mlinzi wa amani, yaani hakimu wa mahakama ya mwanzo, akaungame huko. Mlinzi wa amani hafungwi na zile saa nne. Askari wasikae ndani ya chumba wakati anaungama. Kama hataki kusema, mna ushahidi gani mwingine? Mali iliyoibwa iko wapi? Nani alishuhudia ikikamatwa? Mara nyingi inaonekana kwamba ungamo lilikuwa njia ya mkato, na kwamba kesi ingesimama bila hilo.

Na neno la mwisho kwenye simu: "Andika kwenye diary ya upelelezi kwa nini hakuhojiwa ndani ya muda. Andika ukweli."

Ni makosa gani yanayoua kesi nyingi?

Upekuzi na vielelezo. Kila mtu anazungumzia ungamo, lakini ukisoma hukumu za rufaa za dawa za kulevya, nyara za serikali na silaha, utaona watu wanaachiwa kwa sababu ya karatasi. Nyumba imepekuliwa bila hati ya upekuzi na bila dharura yoyote ya kweli. Hakuna shahidi huru. Mali imechukuliwa, mwenye nyumba hakupewa stakabadhi, hati ya ukamataji imejazwa kituoni badala ya pale pale. Kielelezo kimetoka kwa askari A kwenda kwa mtunza stoo, kikaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kikarudi, na hakuna maandishi ya nani alimkabidhi nani.

Rufaa ya Paulo Maduka na wenzake wanne, Na. 110 ya 2007, ndiyo inayotajwa kila mara kuhusu mnyororo huo wa utunzaji wa vielelezo. Baadaye Mahakama ya Rufani ililegeza kidogo katika shauri la Joseph Leonard Manyota: kwa kitu kisichoweza kubadilishwa kirahisi, pengo la karatasi peke yake haliangushi kesi. Wapelelezi wengi wanaikumbuka ile ya pili na kuisahau ya kwanza. Pakiti ya unga na pembe ya ndovu havipimwi kwa mizani moja.

Jeshi lenyewe lina maelekezo yake, yale tunayoyaita PGO (Police General Orders). Namba 226 inahusu upekuzi, 229 vielelezo, 232 gwaride la utambulisho, pale shahidi anapomtambua mtuhumiwa katikati ya watu wengine. Tatizo si kukosa maelekezo. Nafikiri tatizo ni kwamba askari anayapitia akiwa kozi, halafu hayaoni tena mpaka wakili amsomee kizimbani pale anapotoa ushahidi.

Na mikutano ya hadhara na maandamano? Mshauri anaingia wapi?

Anaingia kwenye barua. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, alisema sharti la kuomba kibali cha kukusanyika linakiuka Katiba. Tangu hapo utaratibu ni taarifa: mwenye mkutano anaiandikia polisi angalau saa 48 kabla, na polisi wakiwa na sababu zinazotambuliwa na sheria wanaweza kuzuia. Bado utasikia watu, wakiwemo askari, wakisema "hawana kibali". Mshauri wa sheria anayeiacha kauli hiyo ipite kwenye barua ya ofisi hajafanya kazi.

Kila Mtanzania anayefuatilia siasa anaijua ile sentensi ya "taarifa za kiintelijensia". Inaweza kuwa kweli kabisa. Lakini kwenye barua ya zuio, ikisimama peke yake, haimwambii msomaji chochote, na mahakama ikiuliza hatari ilikuwa ipi, mahali gani, na kwa nini haikutosha kuhamisha uwanja au kuongeza askari, hakuna cha kujibu. Mshauri anamwomba kamanda sababu, anaiandika kwa namna isiyofichua chanzo, na kama sababu haipo anamwambia hivyo. Mikutano ya vyama iliyozuiwa tangu 2016 iliruhusiwa tena na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023. Kipindi chote hicho katikati, sheria ya taarifa ya saa 48 ilikuwa palepale kitabuni.

Kamanda akikataa ushauri wangu?

Ana haki ya kukataa. Wewe unashauri, yeye anaamua. Ila weka ushauri wako kwenye maandishi, kwa heshima na bila mbwembwe, uwe na tarehe. Kama ulishauri kwa simu, fuatisha dokezo fupi asubuhi. Jambo likiwa ni kosa la jinai dhahiri, kwa mfano kuamriwa utengeneze hati ya upekuzi ya tarehe iliyopita, hapo hutoi tena ushauri. Unakataa kushiriki, na amri ya mkubwa haikuokoi mahakamani.

Nidhamu ya jeshi inalifanya hili kuwa gumu kuliko wizarani. Mshauri mwenye cheo cha Mrakibu Msaidizi anamwambia Kamishna Msaidizi Mwandamizi kwamba amekosea. Unasimama sawasawa, unapiga saluti, unasema, "Afande, kwa ruhusa yako, kifungu hakituruhusu." Wanaofaulu wana tabia moja: wanaleta njia halali ya kufika kule ambako kamanda alitaka kufika.

Polisi wakishtakiwa, mchakato ukoje?

Anayeidai serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kisha anafungua shauri Mahakama Kuu na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu. Kwa mshauri wa polisi, siku hizo 90 ni dhahabu. Ndizo za kutafuta jalada, kitabu cha matukio na kitabu cha mahabusu, kuwapata askari waliokwisha kuhamishiwa mikoa mingine, na kujiuliza kwa ukweli kama tunatetea au tunalipa. Gari la polisi lililogonga pikipiki likiwa upande usio wake halihitaji miaka sita ya kesi. Notisi ikikaa kwenye trei mpaka siku ya 85, Wakili Mkuu wa Serikali anapokea faili tupu na anakwenda kutetea hewa.

Maombi ya kutaka mtu aliyeshikiliwa afikishwe mahakamani hayana siku 90. Hayo yanakuja na tarehe ya kesho. Swali la kwanza kwa RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, ni, "Mtu huyu yuko wapi sasa hivi?" na jibu likichelewa, ujue una tatizo kubwa kuliko la kisheria.

Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yalibadilisha nini?

Yalipunguza ile nyimbo ya "upelelezi bado haujakamilika, mheshimiwa". Kwa makosa mengi sasa mtu hapelekwi mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, isipokuwa makosa makubwa. Ni jambo jema, lakini lina upande wake wa pili: mpelelezi anayebanwa asifungue kesi mapema anashawishika kumweka mtu kituoni zaidi. Ndiyo maana siku hizi maswali ya dhamana ya polisi ni mengi. Jibu halijabadilika: kama kosa linadhaminika na huwezi kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mpe dhamana. Na dhamana haina ada.

Picha za watuhumiwa mbele ya waandishi wa habari?

Punguzeni. Tangu tarehe 1 Mei 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na hata kabla yake, kumwonyesha mtuhumiwa kwenye runinga kabla ya gwaride la utambulisho kulikuwa ni kuliharibu gwaride lenyewe. Kwa watoto msijaribu kabisa; Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi.

Nasoma sheria. Naingiaje?

Kwa mlango uleule wa wengine. Unasubiri tangazo la ajira, unaomba, unapimwa, unakwenda Shule ya Polisi Moshi kama kuruta. Shahada yako haikuondolei kwata wala lindo la usiku. Ukishamaliza, kupangiwa kazi ya sheria si ahadi. Wapo wenye shahada za Mlimani na Mzumbe walioanzia kaunta ya kituo. Usilione hilo kama adhabu. Mshauri aliyewahi kushika kitabu cha matukio anajua kwa nini askari anakosea kukijaza.

Kuna njia ya pili, ya askari aliyeingia na kidato cha nne akajiendeleza. Wengi huanza na stashahada ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, halafu shahada. Kwa uzoefu wangu hawa ndio wanaosikilizwa zaidi vituoni.

Ukitaka kuwa wakili kamili unapitia pia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, ile Law School ya Dar es Salaam. Lakini ukiwa mtumishi wa umma husimamii kesi za watu binafsi pembeni. Mshahara unafuata cheo.

Naweza kuwa mwanachama wa chama cha siasa?

Hapana. Katiba, ibara ya 147, inawakataza wanajeshi, na polisi wamo kwenye tafsiri hiyo. Kupiga kura unaruhusiwa.

Nikihamishiwa Zanzibar, sheria ni zilezile?

Jeshi ni moja, kwa kuwa polisi ni jambo la Muungano. Sheria za jinai sizo. Zanzibar ina Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018 na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Na. 7 ya 2018, ina Mwanasheria Mkuu wake, ina Mkurugenzi wake wa Mashtaka, ina Mahakama Kuu yake. Mahakama ya Rufani ndiyo mnakutana tena. Afisa anayevuka bahari na fomu zake za Bara kwenye mkoba, akamwandika mtu wa Chake Chake maelezo kwa kunukuu Sura ya 20, ameanza na mguu mbaya. Ukipangiwa huko, wiki ya kwanza usitoe ushauri wowote kwa kichwa, fungua kitabu.

Kenya wanafanyaje?

Katiba ya 2010 iliwabadilishia mengi. Ibara ya 49 inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ungamo halichukuliwi na mpelelezi wa kesi. Ni mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwingine wa cheo kilichotajwa na sheria. Kwa hiyo mwanasheria wa polisi wa Nairobi haumizwi kichwa na maelezo ya onyo kama mwenzake wa Dodoma. Yeye ana IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inayoweza kuchunguza askari na kudai nyaraka. Bara hatuna chombo cha namna hiyo kwa polisi peke yao. Malalamiko yanaweza kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na anayetaka kazi hii aisome yote.

Kazi hii imeanzia wapi?

Wanasheria wamekuwa karibu na polisi siku zote, lakini wazo la mshauri anayekaa ndani ya idara lilishika kasi Marekani miaka ya 1960. Mahakama ya Juu yao ilikuwa imetoka kuamua shauri la Mapp mwaka 1961, kuhusu ushahidi wa upekuzi haramu, na la Miranda mwaka 1966, kuhusu haki za anayehojiwa. Mwaka 1967 tume ya rais ya masuala ya uhalifu ikapendekeza idara za polisi ziwe na washauri wa sheria. Hukumu ndizo zilizowaamsha.

Nisome nini kabla ya usaili?

Sura ya 20 yote, hasa ukamataji, upekuzi, mahojiano na dhamana. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322. Hukumu ya rufaa ya Waziri Amani ya 1980 kuhusu utambuzi wa macho, maana wasailiwa wengi wanaitaja jina tu bila kujua masharti yake. Na angalia toleo la kitabu ulichoshika: sheria zilizofanyiwa urekebu, Toleo la 2023, zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na baadhi ya vifungu vimepata namba mpya. Ukinukuu kifungu kwa namba ya zamani, sema ni toleo gani.